Kanukta Kapweke

Tone lilianguka kabla sijajua kuwa limetoka kwangu.

Nilikuwa nimeinama juu ya meza ya mwanga, pamba mkononi, na kioo namba mia sita kumi na nne kimelala mbele yangu kama dirisha lililong'olewa ukutani. Ng'ambo ya korido, katika chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi, mtoto alilia. Hakuwa wangu. Wangu namjua: huanza kwa kukohoa kidogo, kama mzee anayetaka apewe nafasi ya kusema. Lakini kifua cha mama anayenyonyesha hakiulizi mtoto ni wa nani. Maziwa yakanishuka, blauzi ikalowa, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kunyonyesha na sijafunga vifungo vya koti la kazi, tone moja likapata njia. Likaanguka juu ya kioo, au juu ya ukingo wa meza; mpaka leo siwezi kuapa. Nilipangusa upesi, nikatazama mlangoni, nikamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeona.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi asubuhi Daktari, mkubwa wetu wa kazi, aliingia akiwa na karatasi moja, na jinsi alivyoishika, kwa ncha za vidole viwili, ilinitosha kujua kwamba ni yangu.

Chumba cha vioo kilikuwa chini kabisa ya jengo la wataalamu wa nyota, na makabati yake ya chuma yalijaa anga. Zamani, kabla ya kamera za siku hizi, nyota zilipigwa picha juu ya vioo vilivyopakwa dawa upande mmoja. Kwenye vioo hivyo usiku ni mweupe na nyota ni nyeusi, kama pilipili manga iliyomwagika kitambaani. Mimi nilisafisha ule upande usio na dawa, alama za vidole na vumbi la miaka, kisha Daktari akavipitisha kwenye mashine yake ya kunakili. Kioo kilichokutwa na doa upande wa dawa hakikuwa na bahati. Kila Alhamisi saa kumi jioni vioo vya namna hiyo vilitumbukizwa kwenye karai la maji moto na magadi, dawa ikabanduka, kioo kikabaki kioo. Madirisha ya chumba cha watoto yalikuwa yametiwa vioo hivyo hivyo. Vilikuwa safi mno, huwezi kudhani viliwahi kubeba kitu.

Kazi nilifundishwa na Mama Lenzi. Jina hilo alilipata kwa kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu; hata kwenye chai hakukivua. Alikuwa na miaka thelathini na moja mle ndani. Siku yangu ya kwanza alinikalisha mezani akaniwekea kioo.

"Nyota moja ina nukta ngapi?"

"Moja?"

"Hesabu, usibahatishe."

Nikahesabu. Tano. Kila nyota ilikuwa nukta tano zilizopangana kama mshono wa cherehani. Akanieleza kwamba kioo kimoja kilipigwa picha mara tano, dakika kumi kumi, na kila baada ya picha darubini ilisogezwa unywele mmoja. Mara ya mwisho ilisogezwa zaidi kidogo, ili mtu asije akakisoma kioo kichwa chini. Nukta nne karibu karibu, ya tano mbali.

"Sasa shika na hili," alisema, "maana ndiyo elimu yote ya humu ndani. Kanukta kenye ndugu ni nyota, kapweke ni kinyesi cha nzi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kwa miezi mitatu nilifanya kazi kwa kanuni hiyo, na ilinifaa.

Karatasi ya Daktari ilikuwa picha ya kona moja ya mia sita kumi na nne, imekuzwa. Mishono ya nyota ilipita huku na huku. Katikati yake, mahali penye weupe mtupu, palikuwa na nukta moja. Nyeusi, ya mviringo, peke yake.

"Nani alikisafisha hiki?"

"Mimi, Daktari."

"Mama, daftari lako la zamani linasemaje hapo?"

Mama Lenzi hakulifungua. "Hapo hakuna nyota," alisema.

"Basi ni doa jipya." Daktari alinigeukia. Hakupandisha sauti, angepandisha ingekuwa nafuu. "Mwezi wa kwanza alama ya kidole upande wa dawa. Mwezi wa pili ukavunja pembe. Hili la tatu. Niandikie maelezo, Jioni, niyapate kabla ya saa kumi. Na kioo kiende kwenye karai."

Jioni ndilo jina walilonipa wote, kwa sababu ya masomo yangu ya jioni. Nililipenda. Asubuhi ile lilinisikika kama jina la kitu kinachokaribia kwisha.

Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio, na makosa matatu yalitosha kuufunga. Bila kazi ile sikuwa na nafasi kwenye chumba cha watoto, kwa maana kilikuwa cha wafanyakazi tu. Baba yake mtoto alikuwa kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, anakuja mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anarudi. Tulikuwa tumekubaliana, yeye, mimi na mama mkwe: kazi ikikatika, mtoto atapelekwa kwa bibi yake mpaka nimalize mtihani wangu. Mwaka mmoja na nusu. Kwa bibi ni safari ya siku nzima kwa basi. Mtoto alikuwa na miezi minane.

Mama mkwe alipiga simu saa nne, kama kwamba kuna ndege aliyempelekea habari.

"Nimeshatandika kitanda cha mjukuu wangu," alisema. "Nimekisogeza penye hewa."

"Bado, mama."

"Bado, bado. Wewe na bado mmezaliwa pamoja." Akakohoa kidogo, mtoto wangu amerithi kwake. "Mwanangu, mtoto hakui kwa masomo ya jioni."

"Najua, mama."

"Sikugombezi. Nasema tu, ukichoka, mlango uko wazi."

Angekuwa mtu mbaya ningejua la kumjibu. Wema wake ndio ulionitisha, maana niliuona mlango ule ulivyo wazi, na mimi nikirudi kupitia humo mikono mitupu.

Nilichukua karatasi nikaandika: *Mimi nakiri kwamba siku ya Jumanne, kwa uzembe wangu…* Kalamu ikagoma hapo. Si kwamba niliona haya. Kuna maneno ya mwalimu wetu wa fizikia wa darasa la jioni, bwana mmoja mwembamba anayefundisha huku akila karanga, ambaye hunirudishia majaribio yangu yakiwa na wino mwekundu pembeni: *Usiandike unachokiogopa. Andika ulichokipima.* Nilikuwa naogopa kwamba nukta ile ni maziwa yangu. Lakini nilikuwa nimepima nini? Sikuwa nimepima chochote.

Saa sita nilikwenda kunyonyesha. Mwanangu alinyonya akiwa ananitazama kwa jicho moja, jingine limezibwa na titi, na mkono wake ukitafuta kifungo cha koti langu. Nilimpa kifungo. Aliposhiba, nilitoa kwenye mfuko kipande cha kioo: ile pembe niliyoivunja mwezi wa pili, ambayo sikuwa na moyo wa kuitupa. Upande wake wa dawa ulikuwa na nyota mbili nzima. Nikakamulia tone moja la maziwa kando ya nyota hizo, nikakipepea, nikakiweka juani dirishani. Mlezi wa watoto aliniangalia, akaamua kutouliza.

Lilipokauka lilikuwa duara hafifu lenye ukingo, kama alama ya kikombe mezani. Katikati palikuwa patupu.

Lakini macho matupu si ushahidi. Nilihitaji kioo cha kukuzia, na cha chumba kile kilikuwa kimoja, shingoni mwa mtu ambaye hakuwahi kumwazima yeyote.

Nilimkuta Mama Lenzi akiwasha jiko la gesi chini ya karai. Vioo saba vilisimama kwenye rafu ya mbao vikingoja zamu, mia sita kumi na nne kikiwa cha kwanza.

"Mama, naomba unisaidie kioo chako."

"Cha nini?"

"Nataka kuona kama ni maziwa."

Alisimama wima. "Maziwa gani tena?"

Nikamwambia yote: mtoto aliyelia, vifungo, tone. Nilidhani atanikemea. Alinitazama kifuani, akatazama pembe ya kioo mkononi mwangu, kisha akapitisha kamba ya kiatu juu ya kichwa chake. Shingo yake ilikuwa na mstari mweupe pale kamba ilipokaa miaka yote.

"Maji yakichemka, yamechemka," alisema. "Simngoji mtu."

Nikakitoa kioo rafuni, nikakilaza kwenye meza ya mwanga.

Tone la maziwa chini ya lenzi lilikuwa na nyufa ndogo ndogo, rangi ya chai iliyochujuka. Nukta ya kioo mia sita kumi na nne haikufanana nalo hata kidogo. Ilikuwa chembe chembe nyeusi zilizosongamana katikati na kutawanyika pembeni, sawasawa na nyota za jirani. Ilikuwa ndani ya dawa. Ilizaliwa humo siku picha yake ilipooshwa gizani, kabla mimi sijazaliwa.

"Si maziwa," nilisema.

"Basi ni kinyesi cha nzi," alijibu Mama Lenzi bila kugeuka. "Nzi wa zamani. Kapweke ni kapweke."

Hapo ningeweza kukoma. Ningeandika kwamba doa ni la zamani, huenda Daktari angenisamehe, na kioo kingeingia kwenye karai. Sijui ni kitu gani kilinizuia. Labda ni zile chembe. Zilinifanya nione kwamba ile ilikuwa nyota kabisa, isipokuwa kwa kukosa jamaa. Nami nilijua jinsi mtu anavyohesabiwa kuwa uchafu kwa kukosa jamaa tu.

Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika tano.

Nikabandua jalada la plastiki la daftari langu la masomo, nikalilaza juu ya nyota ya jirani na kuchora nukta zake tano kwa kalamu ya kuandikia namba za vioo. Nne karibu, moja mbali. Kisha nikalisogeza lile jalada mpaka nukta ya kwanza ikakaa juu ya kapweke, nikatazama kwa lenzi mahali ambapo ndugu zake wanne wangepaswa kuwa. Weupe mtupu. Nikasogeza, kapweke kakawa ka pili. Weupe. Ka tatu. Weupe. Maji yalianza kuimba kwenye karai, na harufu ya magadi ikanikaba kooni.

"Tisa na nusu," alisema Mama Lenzi.

Nikakafanya ka nne.

Nyuma yake, mahali pa nukta tatu za mwanzo, hapakuwa na kitu. Mbele yake, ng'ambo ya lile pengo pana, mahali pa nukta ya tano, palikuwa na kivuli. Sikukiamini. Nilifumba macho, nikahesabu hadi kumi, nikafumbua. Kilikuwepo: chembe sita, saba labda, kama pumzi iliyobaki juu ya kioo mtu alipokwisha kuondoka.

"Mama," nilisema. "Kana ndugu."

"Nani?"

"Kapweke. Kana ndugu. Ni mdogo tu."

Mama Lenzi alikuja huku akipangusa mikono kwa aproni. Alichukua lenzi, akainama, na alikaa hivyo kwa muda ambao maji yangeweza kuchemka mara mbili. Niliona kidole chake kikitembea hewani juu ya jalada, moja, mbili, tatu, nne, kisha kikaruka pengo.

"Pengo hilo ni mkono wangu," alisema hatimaye, taratibu. "Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha gurudumu la darubini. Nilikuwa binti kama wewe. Mara ya mwisho mizunguko miwili, na mimi kwa ubishi wangu naongeza robo. Hakuna mwingine aliyeongeza robo." Aliinua uso. "Hilo pengo lina robo."

Nikakumbuka tena mwalimu wangu na karanga zake, siku alipotuambia kwamba majirani zetu wengi wa angani hatuwaoni kwa macho, kwamba ni nyota vibete, nyekundu, hafifu kama makaa yaliyofunikwa na majivu; ila kuna mengine ambayo, bila kutarajiwa, huripuka, yakawaka kwa dakika chache, kisha taratibu yakarudi kwenye majivu yake. Nikamweleza Mama Lenzi kadiri nilivyoweza. Mara tatu za mwanzo ilikuwa hafifu mno, kioo hakikuiona. Mara ya nne iliripuka. Mara ya tano ilikuwa inazimika.

Alikwenda kabatini, akarudi na daftari lake la zamani, lile ambalo asubuhi hakulifungua. Akatafuta ukurasa wa kioo mia sita kumi na nne, akanionyesha pembeni, nje ya mstari, herufi mbili ndogo za penseli na tarakimu moja: *kn 1*.

Nilikuwa nimeziona *kn* hizo mara nyingi. Hakuna aliyejua maana yake. Daktari alidhani ni jina la mtu.

"Kinyesi cha nzi, kamoja," alisema Mama Lenzi. "Nilikaona siku ile ile. Asubuhi ya leo nilikumbuka, ila nikanyamaza. Nikajiambia, nikisema nilikaona nikakapuuza, huyu Daktari na mashine yake atasema wazee hawa walikuwa wanacheza." Alifunua kurasa, moja baada ya nyingine, na pembeni mwa kurasa *kn* zilitembea kama msururu wa siafu. "Nilitaka uende wewe, mwanangu. Huo ndio ukweli. Nilitaka uende wewe na kanuni yangu ibaki."

Kwenye jiko maji yalikuwa yanatokota sasa, mfuniko ukigonga. Mama Lenzi akaenda akazima gesi.

Maelezo niliyaandika kwa dakika kumi na mbili. Niliandika nilichokipima: chembe, duara la maziwa, nukta ya nne, kivuli cha tano, pengo na robo yake. Niliandika pia la tone, kwa sababu bila tone hakuna jaribio la pembe, na mwalimu wangu hutoa sifuri kwa jaribio lisilo na mwanzo. Mama Lenzi akaniomba kalamu. Chini ya maneno yangu akaandika maana ya *kn*, akatia sahihi.

Daktari aliingia saa kumi kamili, akatazama jiko lililozimwa, akatutazama sisi. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika katikati, nyusi zilipanda.

"Maziwa?"

Uso uliniwaka.

"Maziwa, Daktari," alisema Mama Lenzi. "Au wewe ulilelewa kwa soda?"

Hakucheka, lakini hakukasirika pia. Aliinama juu ya lenzi. Alisogeza jalada la daftari langu mwenyewe, huku na huku, akijaribu kuniumbua, na kila aliporudi kwenye nafasi ya nne alikaa zaidi. Kisha akachukua kioo, akakibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba bakuli lililojaa, akapanda juu kwenye mashine zake. Tulikaa. Mama Lenzi alivunja mkate wake vipande viwili, akanipa kikubwa. Hakuna aliyekula.

Alirudi baada ya dakika ishirini na tano.

"Ipo," alisema. Ilikuwa kwenye orodha mpya iliyotokana na darubini kubwa: kibete chekundu, karibu nasi kuliko takriban kila nyota tunayoiona kwa macho, na chenyewe hakionekani kwa jicho la mtu. Mwanga wake hutumia miaka tisa na ushei kutufikia. Hakina jina, kina namba tu. Hakuna aliyewahi kukiona kikiripuka. "Kwenye kioo hiki mwanga wake umeongezeka mara mia, labda zaidi. Katika dakika kumi." Jicho lake likaangukia ile rafu na vioo sita vilivyobaki, kisha likaenda kwenye karai, nami nikaona hesabu ikipita usoni mwake: Alhamisi zote zilizotangulia.

Alipofika mlangoni alisimama.

"Kesho uje na koti lililofungwa vifungo," alisema.

Katika maneno hayo yote nililolisikia ni moja, la kwanza. Nilikwenda ng'ambo ya korido nikamchukua mwanangu, nikamshikilia mpaka akakohoa.

Sasa ana miaka kumi, na mambo ya mama yake anayajua kwa kuyadaka huku na kule. Nilimaliza mtihani, nikaendelea, na leo mashine ile ya juu naiendesha mimi. Maelezo yale bado yamo kwenye bahasha ya kioo mia sita kumi na nne. Anayeomba kioo hupewa nayo. Mwaka jana mtafiti mmoja kijana aliniandikia kuuliza, kwa adabu zote, neno *maziwa* lililotajwa hapo ni istilahi ya kemikali gani. Nilimjibu kwamba ni maziwa.

Juzi binti yangu alinikuta napiga hesabu pembeni mwa kalenda, akataka kujua ni za nini. Nikamwambia mwanga ulioondoka kwenye ile nyota Alhamisi ile unafika kwetu mwezi huu. Akafikiri.

"Na sisi je? Wao huko wanatuona sasa hivi?"

"Wangekuwepo, wangetuona tulivyokuwa wakati ule."

"Kwa hiyo wananiona nikinyonya?"

"Wewe na kifungo changu."

Aliona aibu, akaenda kufunga pazia.

Lakini ninapoikumbuka nyota ile, sikumbuki saa kumi ya Alhamisi wala Daktari mlangoni. Nakumbuka wiki tatu baadaye. Karai lilikuwa limepelekwa stoo. Mama Lenzi alikuwa amebakiwa na mwezi mmoja kabla ya kustaafu, na alikuwa amehesabu *kn* zake zote: arobaini na moja. Ishirini na mbili vioo vyake vilikwisha kuoshwa. Kumi na tisa vilibaki kabatini. Hakuniomba nimsaidie. Aliniomba lile jalada la plastiki tu.

Mchana ule nilikuwa nimekaa na mwanangu chini ya dirisha la chumba cha watoto, chini ya vile vioo visivyo na kitu, naye ananyonya kwa jicho moja. Milango yote miwili ilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nilimsikia Mama Lenzi ng'ambo ya korido akitoa kioo, akikilaza, kimya kidogo, kisha sauti yake kavu:

"Nzi."

Kabati likafunguka, likafungwa.

"Nzi."

Mwanangu aliachia titi akasikiliza. Kioo kingine. Nilihesabu pumzi zangu, nikisubiri neno. Halikuja. Nikasikia kiti kikivutwa karibu na meza, na kamba ya kiatu ikigonga kioo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hana hakika kama kuna mtu.